Zulia la Mgeni Rasmi Juu ya Barafu

Tone la maji lilianguka katika beseni la bati, sakafuni karibu na kitanda changu. Likafuatwa na jingine. Kulikuwa hakujapambazuka, na mjukuu wangu Riziki alikuwa amelala, miguu yake ameninyooshea tumboni. Nilitulia nisimwamshe, nikasikiliza. Zamani, mwezi kama ule, paa zetu hazikudondosha kitu. Theluji ilikaa kimya juu yetu mpaka jua lizoee tena kuchomoza. Lakini Wizara ilikuwa imekwisha kutueleza redioni kwamba nyumba kuvuja ni ishara ya maendeleo, kwa sababu sasa maji yanawafikia wananchi mpaka kitandani, nami sikutaka nionekane mtu asiye na shukrani.

Nikaamka, nikamwaga beseni, nikabandika chai ya Siwema.

Siwema ni kitinda mimba wangu, na ndiye mama yake Riziki. Wakati huo alikuwa askari wa Kikosi cha Zulia, na alikuwa hajalala nyumbani tangu jua lirudi. Alikuwa amesimama juu ya bahari.

Nieleze vizuri, msije mkadhani nchi yetu ni ya ajabu.

Nchi yetu iko juu kabisa, pale ambapo mchora ramani huishiwa karatasi. Bahari yetu huganda wakati wa baridi. Ng'ambo kuna kisiwa kiitwacho Mbavuni, na barafu ikishika tunavuka kwa miguu kwenda kuposa, kuzika, na kudai masufuria tuliyowaazima. Njia hiyo huitwa Barabara Kuu. Mungu huitengeneza kila mwaka bila zabuni, lakini hufunguliwa na Mgeni Rasmi, na Mgeni Rasmi ni Mkuu wa Nchi. Hatukuwahi kuuliza kwa nini. Kulikuwa na pilau.

Zamani ufunguzi ulifanywa mwanzoni mwa baridi. Kisha bahari ikaanza kuchelewa kuganda. Serikali yetu ina subira, haikuigombeza bahari, ila ilisogeza tarehe. Mwaka uliofuata ikasogeza tena. Hivyo hivyo, mpaka sherehe ikaangukia mwezi wa jua kurudi, wakati ambapo sisi tumekwisha kuitumia barabara baridi yote na tunaanza kuiogopa. Barabara ikawa inafunguliwa inapokaribia kukatika. Wizara ilisema huo ni uthibitisho kwamba imekaguliwa vya kutosha.

Mimi sikusoma sana, lakini chai naijua. Nilipokuwa msichana, mama yangu alikuwa akivunja barafu ya chai kutoka katika barafu ya zamani, ile ya rangi ya samawati iliyokwisha kuvuka viangazi vingi bila kuyeyuka. Barafu ya bahari huzaliwa na chumvi tumboni. Chumvi huitoka polepole, mwaka baada ya mwaka, kama hasira inavyomtoka mtu mzima. Ile ya zamani ilikuwa nene, ngumu, na maji yake matamu. Siku hizi hakuna tena. Kiangazi kinaimaliza yote, na baridi inaanza upya na barafu changa, nyembamba, yenye chumvi. Kwa hiyo chai yetu ina chumvi. Serikali ilituondolea wasiwasi kwa kuitangaza chai ya chumvi kuwa kinywaji cha taifa, na waliolalamika waliitwa waeleze ladha ya sukari waliijulia wapi.

*

Zulia lilitandikwa na Bwana Pandu, Afisa Itifaki wa Wilaya. Ni mtu mfupi, koti lake refu kuliko yeye, na hawezi kusema asubuhi njema bila kutaja kanuni inayoiruhusu. Alilitandika kutoka ufukweni hadi jukwaani, jukwaa lenyewe likiwa mbali juu ya barafu ili Mgeni Rasmi aonekane vizuri na wa Mbavuni. Jukwaani palikuwa na viti vya heshima na jiwe la ufunguzi lililofunikwa kwa pazia. Zulia lilikuwa jekundu lililoiva, kama ini.

Kanuni zilikuwa wazi. Zulia likishatandikwa halikunjwi mpaka Mgeni Rasmi alikanyage, kwa sababu kulikunja ni kusema kwamba haji, na kusema kwamba haji ni kesi. Tena jiwe likiwapo, askari mmoja husimama kando yake mpaka wakati wa kufunuliwa. Siwema alichaguliwa kwa sababu ana mgongo ulionyooka. Nilifurahi. Nilimpigia pasi sare.

Mgeni Rasmi alitarajiwa Alhamisi. Alhamisi ikapita. Ikaja Alhamisi nyingine, nayo ikapita bila mtu kuisemesha. Jua likaendelea kupanda.

Sasa kila mtoto wa kwetu anajua jambo hili: cheupe hulirudishia jua mwanga wake, cheusi huula. Ndiyo sababu huwezi kumwona mtu wa kwetu ameacha hata sufuria yenye masizi juu ya barafu kutwa nzima. Zulia lilikaa pale likila jua. Kwanza theluji ya kandokando ikawa chepechepe. Kisha zulia likawa limelala katika mfereji. Kisha mfereji ukaingia maji, na maji yana weusi wake, nayo yakaanza kula jua kwa niaba yake yenyewe. Kila kilichoyeyuka kilimwita mwenzake. Kutoka kilimani kwangu ulionekana mstari mwekundu umezama baharini kama kidonda, na mwisho wa mstari, mtu mdogo amesimama. Huyo alikuwa mwanangu.

Nilimfuata Bwana Pandu ofisini.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba, mwanangu. Zulia linazama."

"Halizami. Linatulia."

"Linatulia majini, Bwana Pandu."

"Kwa mujibu wa Kamati ya Uimara, hakuna maji. Kuna barafu iliyo mapumzikoni."

Kamati ya Uimara wa Barafu ilikuwa imekutana mji mkuu, katika hoteli. Wajumbe waliichunguza barafu iliyokuwa katika glasi zao, wakaona kwamba inaelea, na kwamba mpaka kikao kinafungwa hakuna mjumbe hata mmoja aliyekuwa ametumbukia. Wakaandika kuwa ni imara.

"Njoo basi ukaone kwa macho yako," nikamwambia.

"Mimi nasimamia itifaki ya nchi kavu, Bi Nunu."

Alisema hivyo akitazama ukutani. Lakini niliona mikono yake. Ilikuwa mitupu, imebabuka kwa baridi. Glavu zake nzuri za manyoya nilikuwa nimeziona kwa Siwema tangu wiki ya kwanza, na Siwema alikuwa amenificha nani kampa. Nikaagana naye kwa adabu zaidi kuliko nilivyokusudia.

*

Kila asubuhi nilimpelekea Siwema chai, barafu ikiwa bado ngumu kwa baridi ya usiku. Sikupita juu ya zulia, maana mimi si mgeni rasmi. Nilipita kando, penye weupe, nikipima kwa fimbo.

"Mama, usikanyage hapo," aliniambia asubuhi ile. "Zunguka."

Nikazunguka. Akaipokea chai bila kusogeza miguu.

"Usiku ilikuwaje?"

"Inalia. Kama mtu anayepasua kuni mbali. Halafu inanyamaza, na hapo ndipo ninapoogopa."

Nyuma ya jukwaa, upande wa bahari kuu, palikuwa na maji meusi yaliyo wazi. Nilipokuwa msichana maji hayo yalikuwa mbali, huwezi kuyaona. Sasa yalikuwa karibu, na kwa kuwa yamepata uwanja mpana, upepo uliweza kuyakuzia mawimbi. Niliyahisi nyayoni. Barafu ilipanda kidogo, ikashuka, kama tumbo la mtu aliyelala.

"Njoo nyumbani," nikasema.

"Nikiondoka nimetoroka lindo. Waliotoroka lindo wamepelekwa wapi, unajua?"

"Sijui."

"Basi. Hakuna anayejua. Na Riziki abaki na nani? Na wewe na beseni lako?" Akacheka, ili nicheke. "Ameuliza jana?"

"Ameuliza kama unasimama hata ukitaka kwenda haja."

"Mwambie kanuni haijasema."

Nilirudi nyumbani nikikanyaga nyayo zangu zilezile. Zilikuwa zimejaa maji.

*

Ndipo redio ikatangaza. Mgeni Rasmi, kwa sababu ya majukumu, angewakilishwa na Waziri. Tulipiga vigelegele. Waziri akafika mji wa mkoa, akaonyeshwa picha ya zulia iliyopigwa kutoka angani, akakumbuka majukumu. Angewakilishwa na Naibu wake. Naibu aliwakilishwa na Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa alipatwa na mafua ya ghafla, akawakilishwa na Mkuu wa Wilaya. Naye Mkuu wa Wilaya akapata msiba, ambao marehemu wake alikuwa bado hajapatikana.

Heshima haikupungua hata chembe. Kila aliyewakilisha alibeba vyeo vya wote aliowawakilisha, hivyo kadiri mtu alivyokuwa mdogo ndivyo utambulisho wake ulivyokuwa mrefu. Na kila uwakilishi ulichukua siku zake, na kila siku ilikuwa na jua lake.

Jioni moja Bwana Pandu alibisha hodi kwangu. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua koti. Riziki akamletea kikombe cha chai, naye akakishika kwa mikono miwili kama anayeota moto.

"Bi Nunu, wewe una uzito kiasi gani?"

"Tangu mume wangu afariki, si mwingi. Kwani unataka kuninunua?"

"Nataka kukuteua." Akafunua karatasi. "Nimepokea uwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, anayemwakilisha Mkuu wa Mkoa, anayemwakilisha Naibu, anayemwakilisha Waziri, anayemwakilisha Mheshimiwa mwenyewe. Na mimi, kwa mujibu wa kanuni, naweza kuwakilishwa na raia mwema."

"Kwa nini usiende mwenyewe?"

Alikunywa chai kwanza. "Leo nilikwenda ufukweni nikaitazama," akasema polepole. "Niliitazama sana."

Sikumsema. Mtu anapokiri hofu mbele ya mtoto, amekwisha kulipa vya kutosha.

"Nikikubali, Siwema anaachiwa?"

"Mgeni akilikanyaga zulia mpaka mwisho, akasoma hotuba, akafunua jiwe, kazi ya askari imekwisha."

"Basi niletee hiyo hotuba, nianze kuisoma leo. Mimi si mwepesi wa kusoma. Na kesho nitakwenda alfajiri, barafu ikiwa ngumu."

Akanitazama kwa huzuni ya kweli. "Haiwezekani, Bi Nunu. Mgeni Rasmi hafiki mapema. Akifika mapema si Mgeni Rasmi. Ni lazima achelewe mpaka jua la utosi."

*

Walinificha katika ghala la samaki ili nichelewe. Kupitia upenyo wa ubao nililitazama jua likipanda. Nililiona zulia likimetameta kwa maji, na Siwema kule mwisho, hajui ni nani anayekuja. Sijawahi kungoja hivyo, hata siku ya kumzaa yeye.

Bi Mashavu, jirani yangu, alipitisha uso mlangoni. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya.

"Mheshimiwa, umetusahau sisi wa chini? Juzi niliazima kwako nini?"

"Kitunguu."

"Nakusamehe, usinirudishie."

"Wewe ndiwe unayedaiwa, Mashavu."

"Ndiyo maana nimesema nakusamehe. Serikali ndivyo inavyosamehe." Kisha akaacha utani, akanifunga ushungi wangu vizuri, kidevuni, kama mtoto anayepelekwa shule. "Tembea kama unayepita penye mgonjwa," akasema.

Jua lilipofika utosini Bwana Pandu alivitaja vyeo vyangu kwa kipaza sauti. Vilikuwa vingi, na watu walisimama kwa heshima, huku barafu ikitoa mlio mmoja mrefu. Nikaingia zuliani.

Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Chini yake zulia lilikuwa laini, linateleza kama ulimi. Barafu changa yenye chumvi haipasuki ghafla kama kioo. Hupinda kwanza, ikupe nafasi ya kujuta. Nilihisi ikipinda. Kila hatua ilikuwa inashuka kabla ya kupanda. Nilimtazama Siwema tu. Aliponitambua hakutikisika, ila midomo ilimtoka rangi.

"Mama, unafanya nini?" akauliza, meno yameshikana.

"Namwakilisha mwakilishi. Piga saluti."

Akapiga saluti. Nikafungua hotuba. Ilikuwa ndefu, na kila ukurasa ulikuwa na sehemu zilizoandikwa "makofi na kukanyaga miguu". Nikaanza: "Ndugu wananchi, leo bahari yenyewe imesimama wima kumpokea kiongozi wake. Maadui zetu walisema itayeyuka. Nawauliza, iko wapi hiyo iliyoyeyuka?"

Hapo palikuwa na makofi. Nikageuka ufukweni kwa hofu, maana wilaya nzima ikikanyaga miguu, sisi tumekwisha. Nikamwona Bi Mashavu ameinua mkono. Watu wote waliketi chini, taratibu, wakapiga makofi kwa mikono iliyovaa glavu za sufu. Hakuna sauti iliyotoka. Umati mzima ulishangilia kimya, kama theluji inavyoanguka, wasije wakaitikisa barafu. Nimepata wema mwingi maishani, lakini huo bado naufikiria.

Nikaendelea. Herufi zilinicheza. Nilipotaka kuruka ukurasa, kipaza sauti kiliniambia, "Usiruke, Mheshimiwa. Hotuba pungufu ni batili." Ufa ulitokea nyuma ya jukwaa, mwembamba kama uzi mweusi. Ukasogea, ukasimama, kama unaonisikiliza. Siwema aliutazama. Mimi nilisoma kuhusu mafanikio ya sekta ya maji.

"Kwa heshima na taadhima," nikafika mwisho, "natangaza kwamba Barabara Kuu imefunguliwa rasmi." Nikavuta pazia. Ufa ukapita chini ya viti vya heshima, viwili vikainama.

"Twende," nikamwambia mwanangu.

Kipaza sauti kikakohoa. "Kuna kanuni ndogo," sauti ya Bwana Pandu ikasema, na ilikuwa sauti ya mtu anayesoma kitu anachokichukia. "Jiwe likishafunuliwa ni mali ya taifa. Askari haondoki mpaka apokewe lindo na mtumishi mwingine wa serikali. Hapa... hapa hakuna mwingine aliyepangwa."

Siwema alinitazama. "Rudi, Mama. Riziki yupo peke yake."

"Yupo na wilaya nzima. Sirudi."

"Mama, tukiwa wawili tunaizamisha."

Ilikuwa kweli, na sikusogea.

Kipaza sauti kilizimwa. Nilimwona Bwana Pandu akikiweka chini, akavua koti lake refu, akalikunja vizuri, akampa Bi Mashavu. Akaingia juu ya barafu, si juu ya zulia. Alipita kando, penye weupe, kwanza kwa miguu, kisha kwa magoti, kisha akalala kifudifudi na kujivuta kama sisi tulivyofundishwa utotoni. Hata yeye, basi, alikuwa mtoto wa kwetu. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyemcheka.

Alifika, akasimama, akajifuta magoti.

"Askari Siwema, nimekuja kukupokea lindo."

"Wewe ni wa nchi kavu, Bwana."

"Leo ninamwakilisha mtu."

"Nani?"

"Wewe," akasema. "Shuka haraka, nisije nikafikiri."

Siwema akavua zile glavu, akamvisha. Tukalala kifudifudi, tukajivuta kwenda ufukweni, mkono wangu umeshika kiatu chake muda wote. Nyuma yetu palisikika mlio kama nguo nzito inayochanwa. Zulia liliteleza mfereji wote likazama, na jukwaa likaondoka na barafu yake, polepole, na jiwe, na Bwana Pandu amesimama kando yake mgongo umenyooka.

*

Redio ilitangaza kwamba nchi imepata ardhi mpya. Pande la barafu lilikuwa limekwama kwenye miamba ya Mbavuni, nalo likatangazwa kuwa wilaya, na Bwana Pandu akateuliwa kuwa mkuu wake. Ilielezwa pia kwamba mashua haziruhusiwi, kwa kuwa bahari kisheria bado imeganda. Kwa hiyo mimi na Siwema tulichukua mashua, tukaiita kigari cha theluji, tukapiga makasia.

Tulimkuta ameketi kwenye kiti cha heshima, amejifunika pazia la jiwe. Alifurahi sana akajaribu kulificha hilo. Tulimpa chai, samaki mkavu na koti lake.

"Shuka tuondoke," nikasema. "Nafasi ipo."

"Nikishuka, lindo linarudi kwa jina la Siwema. Halijafutwa. Nimeomba lifutwe, nimemwandikia Mkuu wa Wilaya."

"Mkuu wa Wilaya si ndiye wewe?"

"Wa ile ya zamani. Atawakilishwa." Akapuliza chai yake. "Riziki hajambo?"

"Hajambo. Analala na mama yake."

Akatikisa kichwa, akawa kama aliyeshiba. Siwema alikuwa ameshika ukingo wa barafu ili mashua isisukumwe na mawimbi, na ukingo ulikuwa unammegukia mikononi. Jana yake, Bwana Pandu alituambia, aliweza kulizunguka jukwaa lote kwa miguu. Leo alikuwa amevisogeza viti karibu na jiwe.

"Bwana Pandu," Siwema akasema, "barua hiyo haitajibiwa."

"Huenda ikajibiwa."

"Na isipojibiwa?"

Bwana Pandu alinirudishia kikombe, akakifuta kwanza kwa pindo la pazia, kwa adabu. Maji yalipiga chini ya barafu, nayo ikapanda kidogo, ikashuka. Siwema akachukua kasia. Tulikuwa tumeanza kusogea ndipo akaniita.

"Bi Nunu." Aliinama kuelekea kwetu, mkono mmoja juu ya jiwe. "Kesho mje tena. Mje mapema, kabla jua halijapanda."